Mkebe wa Siagi

Dawa yako inalala kwenye friji ya Mama Adera,
kati ya soda na maziwa ya pakiti,
ndani ya mkebe wa siagi nilioandika kwa kalamu nene:
INSULINI. USIGUSE.
Tulikubaliana hivyo. Sukari haina aibu hapa Migosi,
kila ploti ina mtu wake wa sukari.

Saa mbili usiku nashuka na ndala,
naagiza mkate, nanong'ona, "Na ule mkebe."
"Mama watoto anaendeleaje?" anauliza,
kisha anajiuma ulimi, anahesabu chenji mara mbili.
"Anajikaza," nasema,
na uongo huo naupandisha ngazi zote hadi orofa ya tatu.

Mimi ni fundi wa saa, Vugutsa.
Kibuye nzima inajua vidole hivi
hukamata springi nyembamba kuliko unywele.
Lakini usiku ule wa kwanza, ulipokunja ngozi ya tumbo
ukasema, "Hapa, vidole viwili kutoka kitovuni,"
sindano ilinirukaruka mkononi kama panzi.
Ulicheka. Ukalia.
Ukaniambia nisikutazame hivyo.
Hivyo vipi, sikuuliza.

Kuna mengi sikuuliza.
Kwa nini ulizima simu wiki nzima
Kageha mdogo wako alipojifungua pacha.
Kwa nini siku hizi unalala ukielekea ukuta
usiku ambao daktari hakuuandika kwenye ratiba.
Nawe hukuuliza kuhusu kile chumba cha hospitali,
kikombe chenye jina langu, kiti cha plastiki,
kalenda ya mwaka juzi,
na mtu akibisha mlango: "Bado?"
Nilipopewa majibu nilinunua njugu,
nikazila zote nikiwa nimesimama, nje ya geti,
nikarudi nikakuambia palikuwa na foleni.

Hapakuwa na foleni.

Ijumaa stima ikapotea mtaa mzima.
Saa moja, saa mbili, saa tatu.
Wewe kitandani unahesabu bei ya kila chupa:
hii ni ng'ombe wa Chavakali,
hii ni mkopo wa chama,
hii ni mashine yako ya kushona.
Mlango ukagongwa.
Mama Adera, anahema, ndoo kichwani,
barafu ya wauza samaki, na mkebe wetu katikati.
"Insulini," alisema, "nimeiuguza mume wangu nayo miaka kumi na mmoja.
Naijua sura yake. Hii siyo."
Akaweka ndoo chini.
"Barafu itafika asubuhi. Msiifungue fungue."
Akashuka gizani, akipapasa ukuta.

Sijui ni giza, au ni ile ndoo inayodondoka.
Nilisema: karatasi ile, Vugutsa, ilikuwa yangu.
Mbegu chache, na hizo chache ni zembe.
Tangu Januari ninayo, imekunjwa ndani ya saa ya ukutani
ambayo mwenyewe hajairudia.

Ulinyamaza hadi nikasikia mbwa wa Kondele.

"Mizizi ya mama yako," ulisema, "ilikuwa michungu."
Najua.
"Hujui. Miaka sita. Hujui."
Kisha, baada ya muda mrefu:
"Kesho utampigia simu. Wewe. Nikiwa nimeketi hapo."
Nikasema ndiyo.
"Na njugu," ukasema. "Ungeniletea hata moja."

Ukawasha tochi ya simu, ukaiuma kwa meno,
ukapandisha blauzi.
Chupa ilinuka mbuta. Mikono yangu ilinuka mbuta.
Bado nilikuwa natetemeka.
Uliweka mkono wako juu ya wangu,
na sindano ikaingia, ikiwa imeshikwa na mikono miwili,
hakuna aliyejua ni wa nani uliosukuma.